Muulize Mwalimu wa Hesabu: Theluthi na robo, ipi kubwa?

Barua nyingi za safari hii zimeuliza jambo moja: sehemu. Naanza na iliyotoka Kibirizi, nitakaa nayo kwa muda, maana anayeielewa hiyo atakuwa amejibiwa mengi yaliyoulizwa na wengine.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi nauza dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Binti yangu yuko darasa la nne na jioni hunisaidia kupima. Nusu, robo, robo tatu, hakosei, na chenji hakosei. Juzi nimefungua daftari lake la hesabu nikakuta amekosa karibu kila mstari. Ameulizwa ipi kubwa, 1/3 au 1/4, kazungushia 1/4. Ameambiwa ajumlishe 1/2 na 1/3, kaandika 2/5. Nikimuuliza anasema, "Mama, sehemu ni ngumu." Inakuwaje mtoto anaijua robo sokoni, akifika darasani haijui? Na mwaka huu ana upimaji wa taifa. — Mama Muuza Dagaa, Kibirizi

JIBU: Mama yangu, pole kwa wasiwasi. Kwa ulivyonieleza, binti yako anajua sehemu kuliko anavyodhani yeye mwenyewe. Kinachomshinda ni maandishi, zile namba mbili zilizopandana.

Tangu darasa la kwanza amefundishwa kwamba 4 ni kubwa kuliko 3, na kila alipoandika hivyo alipata vema. Leo anazikuta 3 na 4 zimekaa chini ya mstari, naye anafanya kile kilichompa vema miaka yote: anachagua 4. Namba ya chini ina kazi nyingine kabisa, na inaelekea hajaonyeshwa hivyo kwa vitu vya kushika. Ile ya chini, tunaiita asili, inasema kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa. Ile ya juu, kiasi, inasema umechukua mafungu mangapi. Asili ikiongezeka, kila fungu linapungua.

Lakini usimweleze kama nilivyokuandikia hapa. Muulize kwanza, mkiwa palepale kwenye mizani: "Kilo hii wakigawana watu watatu, na kilo ile wakigawana watu wanne, wapi mtu atapata dagaa wengi?" Atakujibu papo hapo. Sasa mpe kalamu aandike fungu la mmoja wa wale watatu, 1/3, na fungu la mmoja wa wale wanne, 1/4. Akishaandika kwa mkono wake, mrudishe kwenye lile swali la daftari.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi wa sokoni hawaliangalii. Kwenye mizani yako kuna jiwe la nusu kilo na jiwe la robo. Jiwe la theluthi halipo, kwa sababu gramu 1,000 ukizigawa kwa tatu hazitimii. Kwa hiyo nusu na robo mtoto amezishika kila siku, theluthi hajaishika hata mara moja. Akikutana nayo ubaoni ni mgeni kwake. Dawa yake ni kumpa theluthi ya kushika.

Chukua karatasi ya daftari la hesabu, lile lenye visanduku. Kateni kanda nne nyembamba, kila moja iwe na urefu wa visanduku 12, zilingane kabisa. Ya kwanza iacheni nzima. Ya pili aikunje katikati, kingo zikutane, apate nusu. Ya tatu aikunje katikati mara mbili, apate robo. Ya nne aikunje sehemu tatu sawa. Hapo atahangaika, mwache ahangaike, asogeze mpaka kingo zilingane, kisha ahesabu visanduku: kila theluthi iwe na vinne. Kwenye kila fungu aandike jina lake, 1/2, 1/4, 1/3. Halafu azipange moja chini ya nyingine, upande wa kushoto zianzie mahali pamoja. Ataona kwa macho yake kwamba theluthi imeipita robo.

Kabla hamjaziweka kanda hizo, mfundishe kuhesabu kwa robo kama anavyohesabu moja, mbili, tatu. Robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne. Hapo ukanda umekwisha, imekuwa nzima. Msisimame! Robo tano, robo sita. Mnavuka kwenye ukanda mwingine. Mtoto aliyehesabu hivyo hatashtuka siku atakapoandikiwa 5/4. Wapo watoto wanaofika darasa la sita wakiamini kwamba sehemu lazima iwe ndogo kuliko moja, kwa kuwa tangu mwanzo wamechorewa vipande vya kitu kimoja tu.

Sasa lile kosa la pili, 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Usimwambie amekosa. Mwambie aweke 2/5 mbele ya nusu: ukanda mwingine ukatwe visanduku 10, kila humusi iwe na viwili, kwa hiyo 2/5 ni visanduku vinne, na nusu ya ukanda huohuo ni vitano. Muulize: "Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, mbona sasa una pungufu ya nusu?" Nimefundisha Gungu kwa miaka mingi, na swali hili napenda kumpa mtoto kuliko kanuni yoyote, kwa sababu linamfanya alikatae jibu lake yeye mwenyewe. Kalamu nyekundu ya mwalimu haifanyi kazi hiyo.

Kwa nini haziwezi kujumlishwa hivyo? Kwa sababu mafungu hayalingani. Ukiwa na dumu moja la mawese na kikombe kimoja cha mawese, husemi una madumu mawili, wala husemi una vikombe viwili. Unatafuta kipimo kimoja cha vyote.

Na hili binti yako analifanya kila jioni. Mteja akimwambia, "Nipimie nusu na robo," anajua ni robo tatu. Amejuaje? Nusu ameiona kuwa robo mbili, akaongeza robo moja. Mwambie aandike hivyohivyo: 1/2 + 1/4 = 2/4 + 1/4 = 3/4. Mwonyeshe kwamba nusu imebadilishwa jina ili ilingane na mwenzake, ukubwa wake umebaki uleule. Kisha mrudi kwenye nusu na theluthi. Kwenye ukanda wa visanduku 12 nusu ni 6, theluthi ni 4, jumla 10. Fungu gani linaingia kamili kwenye nusu na linaingia kamili kwenye theluthi? Fungu la visanduku viwili, nalo ni sudusi, 1/6. Nusu ni sudusi tatu, theluthi ni sudusi mbili. 3/6 + 2/6 = 5/6.

Shuleni atafundishwa kutafuta hiyo 6 kwa Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS. Ni njia nzuri na ataihitaji, kwa maana kwa 5/12 na 7/18 karatasi itamchosha. Ila KDS ije baada ya karatasi. Ikitangulia, mtoto anaikariri kama nenosiri, na akisahau hatua moja hana pa kurudia.

Msifanye yote siku moja. Dakika chache kila jioni, dagaa wakishaanuliwa, zinatosha.

SWALI: Mwangaluka, Mwalimu. Nafundisha darasa la tatu na la nne wilaya ya Sikonge. Watoto ni wengi, zana hakuna. Nachora duara ubaoni, nagawa, natia chaki, wananakili. Nusu na robo zinakwenda. Theluthi na humusi zinanikataa, vipande havilingani, na watoto nao wanachora ovyo. Nifanyeje? — Mwalimu wa Sikonge

JIBU: Mwangaluka, mwalimu mwenzangu. Liache duara kwa sasa. Kugawa duara katika sehemu tatu au tano sawa kwa mkono mtupu si kazi ya mtoto wa miaka tisa, na ubaya wake ni mkubwa kuliko mchoro mbaya. Mtoto anazoea kuona vipande visivyolingana vikiitwa theluthi, kisha anaamini kuwa kipande chochote kati ya vitatu ni theluthi. Neno la kusisitiza kila siku ni "sawa". Jaribu hili: chora mstatili, ugawe vipande vinne vya ukubwa tofauti, kimoja kitie chaki, waulize kama hiyo ni robo. Wengi watasema ndiyo. Utajua pa kuanzia.

Darasa kubwa linahitaji kitu kimoja kikubwa kinachoonekana na wote. Funga kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Upande mmoja ning'iniza kadi ya 0, katikati 1, mwisho 2. Tengeneza kadi za sehemu kwa maboksi, na vibanio vya nguo. Mtoto mmoja anakuja na kadi ya 3/4, anaibana anapodhani ni mahali pake, na darasa zima linakubali au linapinga. Anayepinga lazima aseme kwa nini. Siku utakayotoa kadi ya 2/4 baada ya 1/2 kuwa imeshabanwa, acha wabishane wenyewe. Wataishia kuzibana mbili kwenye kibanio kimoja, na hapo wamejifunza sehemu zilizo sawa bila wewe kutumia nusu saa ya maelezo. Mpe mmoja 5/4 pia. Ataikwepa, halafu atagundua kwamba kamba inaendelea baada ya 1.

Nyinyi watu wa Tabora mna zana nyingine, Reli ya Kati. Dar es Salaam iwe 0, Kigoma iwe 1. Njia nzima ni kilomita 1,250 hivi, na kutoka Dar mpaka Tabora ni kama 840. Waulize Tabora ikae wapi kwenye mstari. Wengi watasema katikati. Wagawe mstari mara tatu, waone kwamba Tabora iko karibu kabisa na theluthi mbili, na Dodoma imeipita theluthi moja kidogo. Watoto wenye jamaa Kigoma au Dar hawatalisahau somo hilo.

Na maharage, mwalimu. Kila mtoto aje na punje 12. Robo tatu ya 12 ni ngapi? Wagawe mafungu manne, wachukue matatu. Mtoto aone kwamba kitu kizima kinaweza kuwa punje 12, kinaweza kuwa ukanda, kinaweza kuwa safari ya treni, ndiyo maana kila ukisema robo, anatakiwa akuulize, "Robo ya nini?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko darasa la sita, Ujiji. Madrasa ustadhi ametufundisha mirathi: mke thumuni, mama sudusi. Shuleni tunafanya KDS. Je, ni hesabu ileile au ni nyingine? — Mwanafunzi, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha sana. Ni hesabu ileile, na wewe unaipata kutoka pande mbili.

Tuseme mtu amefariki, madeni yake na wasia vimeshatolewa, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Kwa kuwa kuna mtoto, mke anapata 1/8 na mama 1/6. Kinachobaki ni cha mtoto. Ni sehemu gani? Huwezi kujumlisha thumuni na sudusi mpaka zilingane. KDS ya 8 na 6 ni 24. 1/8 ni 3/24, 1/6 ni 4/24, jumla 7/24. Mali nzima ni 24/24, kwa hiyo mtoto ana 17/24. Kama mali ni shilingi milioni 12, mke atapata milioni 1.5, mama milioni 2, mtoto milioni 8.5. Zijumlishe uone kama zinarudi 12. Hesabu ya mirathi isiyorudi kwenye nzima imekosewa mahali, na ndivyo hivyo hata kwenye mtihani wa shule.

Angalia na hili. Mafungu yaliyotajwa katika Surat An-Nisaa ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Asili zake ni 2, 4, 8, 3 na 6. Tafuta KDS ya zote tano. Utapata 24. Ndiyo maana ukizijumlisha kwa namna yoyote, 24 inatosha kuwa asili ya pamoja, japo mara nyingi iliyo ndogo zaidi, kama 6 au 12, inatosheleza. Nani anapata lipi, huyo muulize ustadhi wako. Mimi nakuhakikishia hesabu.

Hata ule mstari tunaouweka kati ya kiasi na asili tunaukuta kwa al-Hassar, mwanahisabati wa Maghreb wa karne ya 12. Watu waliokuwa na mali za kugawa kwa haki walihitaji kuandika sehemu vizuri.

SWALI: Mwalimu, barua hii ameniandikia jirani. Mimi ni bibi, nalea mjukuu yuko darasa la tatu. Sikusoma. Akiniletea daftari namwambia asubiri mwalimu wake. Roho inaniuma. Naweza kumsaidia vipi? — Bibi, Uvinza

JIBU: Shikamoo, Bibi. Unaweza, tena sana, na daftari hulihitaji.

Kwa darasa la tatu jambo kuu ni kugawa sawasawa. Ukiwa na muhogo mmoja wa kuchemsha na watoto wawili, mmoja akate, mwingine awe wa kwanza kuchagua. Utaona yule mwenye kisu anavyopima kwa jicho, anasogeza, anapima tena. Hiyo ndiyo nusu. Wakiwa wanne, wakate nusu kwanza, kisha kila nusu ikatwe nusu, umuulize mjukuu: "Sasa kipande kimoja kinaitwaje? Na vipande viwili je?" Akisema robo mbili ni sawa na nusu, mwambie aiandike kwenye daftari mwenyewe.

Na saa unaijua, Bibi. Unasema saa moja na robo, saa mbili kasorobo, saa tatu na nusu. Mwambie mjukuu akuonyeshe mshale mrefu unasimama wapi kwenye robo, akuhesabie dakika 15. Akikua kidogo, mwulize theluthi ya saa ni dakika ngapi. Ni 20. Saa inagawanyika kwa tatu vizuri, jambo ambalo kilo inakataa.

Akikukosea, usinyamaze kwa sababu hukusoma. Mwambie, "Nionyeshe." Ukimwambia hivyo kila mara, umeshamfundisha.

SWALI: Mimi ni mzazi, nauza asali hapa Tabora mjini. Mwanangu wa darasa la saba ameniletea 3 ÷ 1/4 = 12 na amepata vema. Nimeshangaa. Kugawanya si kupunguza? Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Geuza ya pili, zidisha." Hajui sababu, na mimi sijui. — Baba wa Asali, Tabora

JIBU: Baba, jibu unalo dukani. Una lita 3 za asali, una chupa za robo lita. Zitajaa chupa ngapi? Kila lita inajaza chupa 4, lita 3 zinajaza 12. Kugawanya hapo maana yake ni kuuliza robo ngapi zimo ndani ya 3. Chombo kikiwa kidogo, idadi inaongezeka. Na uliona ulichofanya: ulizidisha kwa 4. Ndiyo "geuza" anayoisema mwanao.

Sasa badili chupa, ziwe za robo tatu lita. Lita 3 ni robo 12, ila kila chupa inameza robo tatu, kwa hiyo 12 unazigawa kwa 3, unapata chupa 4. Umezidisha kwa 4, ukagawa kwa 3. Hiyo ni 3 × 4/3, ile 3/4 imegeuka. Mwanao aichore, aeleze kila namba imetoka wapi, ndipo aruhusiwe kutumia ile kanuni ya mkato.

Mpe hii ya jioni: una lita 4 na nusu, chupa ni zilezile za robo tatu. Aandike jibu na sababu kabla ya kumimina, halafu mmimine pamoja. Zijae chupa 6, kusibaki kitu.